Kazi ya Mjukuu Wangu

Jumatatu nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka minne shuleni, hapa Arua. Ni shule ya Montessori, ambako mtoto huchagua kazi yake na kuirudia kila siku mpaka aiweze. Yake ilikuwa kumimina maji kutoka jagi moja hadi jingine. Wiki iliyopita alikosa siku tatu.

Tulikuta mtoto mwingine ameketi mkekani na majagi yale.

"Mwalimu, huyu mutoto iko na kazi yangu!"

"Kazi ilingoja wewe," mwalimu akamjibu taratibu. "Wewe haukuja. Sasa ngoja yeye amalize."

Mama wa yule mtoto, mchuuzi kutoka Koboko, akanigeukia. "Nyanya, wangu anakuja kila siku, hata na mvua. Angalia, hamwagi hata kidogo."

Wivu ukanishika. Nikasema wangu alikuwa na homa.

"Nyanya, mimi haikuwa mugonjwa," mjukuu akasema. "Wewe ulisema tukae nyumbani."

Mungu anisamehe, ni kweli. Tangu nilipomzika binti yangu, mama yake, nyumba yetu ya Manibe ina ukimya nisioweza kukaa nao peke yangu. Nilimfungulia mjukuu mikono. Akanipita, akaenda kulilia kwenye sketi ya mwalimu.

Tunaosema mtoto mdogo hakosi kitu akibaki nyumbani, tujiulize anabaki kwa ajili ya nani. Sasa nampeleka kila siku. Mwalimu yule namwombea kila asubuhi, na bado simpendi.