Prosesa Isiyofunguka

Siku maboksi ya kompyuta mpya yalipoteremshwa mbele ya kliniki yetu, hospitali nzima ilifurahi isipokuwa mimi, na kufurahi kwao kuliniudhi kuliko kompyuta zenyewe. Nilipaswa kuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Mimi ndiye fundi wa TEHAMA, mimi ndiye niliyekuwa nikihangaika na zile mbili kuukuu, kuzipangusa vumbi la Dodoma kila wiki, kuzibadilishia feni, na moja yao ilikuwa haiwaki mpaka uipige kofi ubavuni. Lakini nilifungua boksi la kwanza, nikasoma karatasi ya maelezo, nikakuta jina la prosesa ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu. Nikakunja uso, na kwa wiki kadhaa sikuukunjua.

Prosesa ni kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Kila herufi unayoandika inapita humo. Hii ilikuwa imebuniwa China na Wachina wenyewe, wakitaka waache kutegemea prosesa za Marekani. Sababu hiyo niliielewa kabisa, maana nani asiyetaka kujitegemea? Swali langu lilikuwa jingine: humo ndani kuna nini nisichokijua, na nitakijuaje?

Na sikuuliza kwa udadisi. Kompyuta zile zililetwa na mfadhili kwa ajili ya CTC, kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hospitali yetu ni ya misheni, iko nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Zuzu, na wateja wa kliniki hawatoki Zuzu peke yake. Wapo wanaotoka Haneti, wakaipita zahanati ya kwao, wakapanda magari mawili, ili tu anayewapa dawa asiwe binti wa jirani. Siri yao ndiyo inayowafanya waje, na siku ikivuja hawatakuja, na wasipokuja watakufa. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Nami ni mteja wa kliniki hiyo hiyo. Nimemeza dawa miaka mingi, virusi vimefubaa, na kinachonisumbua siku hizi ni unene tu. Kazini aliyejua ni mmoja, nesi mfawidhi wa kliniki, ambaye alikuwa akinipa dawa zangu kana kwamba ananirudishia bakuli nililomwazimisha. Kwa hiyo mganga mfawidhi aliponiletea karatasi nisaini kwamba kompyuta ni salama, nilikuwa nasainia watu nisiowajua pamoja na mimi mwenyewe. Nikamwambia sisaini.

Mganga mfawidhi ni mtu mwema mwenye haraka. Aliniambia mashine ni mpya, ni za bure, na za zamani zinaungua. Yote kweli. Nikamwambia anipe muda. Akaniuliza muda wa kufanya nini, na hapo nikakwama kidogo, kwa sababu nilikuwa bado sijajua.

Kwenye chai ya saa nne mjadala ulikuwa umeshapamba moto. Mhasibu alikuwa na hakika kwamba Wachina watatusikiliza mpaka tunavyopiga chafya. Mtu wa maabara akatoa simu yake mfukoni, akaiweka kando ya chapati, akamuuliza hii nayo ilitengenezwa wapi, mbona yeye mwenyewe ameshaiambia mpaka mambo ambayo mkewe hayajui. Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini maneno yale yalinikaa. Zile kompyuta zetu kuukuu zilikuwa na prosesa zilizobuniwa Marekani, na hakuna aliyewahi kuniletea karatasi ya kuzisainia. Mimi mwenyewe sikuwahi kuzishuku. Tulizikuta pale, tukazoea, tukaita mazoea hayo usalama. Nilijikasirikia kwa hilo, na tangu siku ile nikaamua kwamba swali nitakalomuuliza mgeni nitamuuliza na mwenyeji.

Nikaanza na kijana wa kampuni iliyotuletea mzigo. Alikuja amevaa suti, kwenye jua la Oktoba, Mungu amsaidie. Akaniambia, dada, prosesa hizi zimethibitishwa. Nikamuuliza na nani. Akasema na watengenezaji wake. Nikacheka mpaka akadhani nimekubali, akanipa mkono.

Kisha nikafanya kazi. Nilichukua kompyuta moja mpya na moja kuukuu, nikaziunganisha kwenye mtandao nilioutenga, katikati nikaweka kompyuta yangu ndogo isikilize kila kinachotoka. Nikazijaza wagonjwa wa uongo. Niliwabuni mwenyewe, nikawapa majina ya ajabu ajabu, vipimo na tarehe za dawa, halafu nikangoja nione nani atakwenda kusema.

Ile mpya ilikuwa kimya kuliko nilivyotarajia. Ilitoka nje kuuliza saa na kutafuta marekebisho ya programu zake, na kila ilipotoka niliweza kujua inakwenda wapi. Iliyokuwa na mdomo ni ile kuukuu. Kila asubuhi ilikuwa ikituma kitu kwenye anwani ambayo sikuijua, na nilipoifuatilia nikakuta ni mchezo wa karata wa bure, ambao mtu aliwahi kuuweka akisubiri zamu yake iishe. Miaka yote ile mchezo wa karata ulikuwa ukiongea na watu wa nje ndani ya chumba cha siri zetu. Niliufuta kwa hasira.

Mganga mfawidhi alipopata habari akaona mambo yamekwisha. Akaja ofisini kwangu na karatasi yake.

"Kwa hiyo kwenye hizi mpya hujapata kitu," alisema.

"Sijapata. Na kama kimo sitakipata, daktari. Kimefungwa kiwandani. Mimi nina bisibisi na kompyuta ndogo."

Aliniuliza kama nina chuki na Wachina. Nikamwambia hata prosesa ingebuniwa Mlali, nyumbani kwetu, na shangazi yangu mwenyewe, ningefanya vilevile. Kutokusikia kitu si sawa na kutokuwepo kitu. Mashine inaweza kukaa kimya mpaka siku itakayoambiwa iseme, na mimi sina jicho la kuona ndani ya kitu kisichofunguka. Hata kwa hizo za Marekani sina. Kama siwezi kujua kwamba mgeni ni mwaminifu, basi nitampangia nyumba kana kwamba ni mwizi, kisha nitamwacha afanye kazi.

Nilimwambia ninavyotaka. Kompyuta za kliniki zisiguse intaneti kabisa, na vifaa vya kunasa mtandao wa hewani nivitoe kwa mkono wangu. Ndani yake ziingie namba tu, na majina yabaki kwenye karatasi, kwenye kabati la nesi mfawidhi, na ufunguo abaki nao yeye. Ripoti za kupeleka juu ziwe jumla tupu, zitumwe kwa kompyuta nyingine. Na marufuku karata.

Alikataa. Alisema nitawarudisha kwenye enzi za makabati wakati nchi nzima inakwenda mbele. Tulibishana siku ile, tukabishana kesho yake, na ya tatu hatukusalimiana. Nilikuwa naogopa, niseme ukweli. Mkataba wangu ulikuwa wa kuongezwa kila mwaka na yeye ndiye aliyekuwa akiuongeza. Lakini kila nilipofikiria kulegeza nilimwona yule mtu wa magari mawili, na nilijiona mimi, nikakaza.

Kilichomlegeza yeye hakikuwa maneno yangu. Wateja walianza kupungua. Mjadala wa kwenye chai ulikuwa umetoka nje ya uzio, na huko nje ukawa kitu kingine: kwamba kliniki imeletewa mashine za Wachina zinazotuma majina na picha, kwamba siku moja yatatangazwa. Mama mmoja wa Zuzu, ambaye hajawahi kukosa tarehe yake tangu aanze dawa, alikosa. Nesi mfawidhi akampigia, simu haikupokelewa. Akaja ofisini kwangu, akafunga mlango, akaniambia kwamba hajui ndani ya prosesa kuna nini, ila anajua ndani ya mwili wa yule mama kutakuwa na nini akikaa bila dawa.

Mganga mfawidhi alikubali kila nilichotaka, kwa sharti moja. Wateja waitwe, nami niwaeleze mwenyewe, na wasiporidhika mashine zirudi kwenye maboksi na tuendelee kuzipiga makofi zile za zamani.

Walikuja wengi kuliko tulivyodhani, na hata mama wa Zuzu alikuwepo, amekaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuwahi kutoka. Tulikutana kwenye ukumbi wa kusubiria, mabenchi yamegeuzwa kuelekea meza yenye kompyuta moja. Watumishi nao walijaa mlangoni, mhasibu na mtu wa maabara wakiwa mbele. Nikawasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, wakaitikia. Nikaeleza. Nadhani nilieleza vizuri. Nilisema prosesa ni nini na imetoka wapi, nilichojaribu, nilichokiona na nisichoweza kukiona. Sikuwaambia ni salama. Niliwaambia nimeifungia nje ya dunia, na kwamba hata ikiwa na nia mbaya haitakuwa na mtu wa kumwambia.

Walinisikiliza kwa adabu, na nyuso hazikubadilika hata kidogo.

Akasimama mwanamume mmoja, mfugaji, umri kama wangu, amejifunika shuka. Nilimfahamu kwa sura, ni wa upande wa Haneti. Alizungumza Kiswahili taratibu, akikichagua.

"Dada, umesema mengi na mimi sijui kama ni kweli. Kwetu pombe ikiletwa mbele ya wageni, aliyeileta anaonja kwanza. Nauliza, hii nani ameonja?"

Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kuunga mkono. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa, na mimi mtoto wa Mlali ndiyo kabisa. Kibuyu cha pombe ya mtama kikiletwa, mwenyeji hunywa funda la kwanza mbele ya macho yenu, muone kwamba haikutiwa kitu. Asipokunywa, hakuna mgeni atakayepokea, na hakuna atakayemlaumu mgeni.

Mganga mfawidhi aliniangalia, akisubiri nitoe jibu la kitaalamu. Nesi mfawidhi aliangalia chini, kwa sababu yeye alijua.

Nilikuwa nimeonja. Wiki moja kabla, baada ya wagonjwa wangu wa uongo, nilihitaji faili la kweli la kujaribia, na nililoweza kulitolea ruhusa lilikuwa moja tu, langu. Halikuwa jambo la ushujaa. Niliketi na nesi, akanisomea kutoka kwenye karatasi, nikaandika namba yangu, tarehe niliyoanza dawa, kipimo cha mwisho. Lakini kuandika mbele ya nesi ni jambo moja. Kusema mbele ya ukumbi ni jambo jingine. Niliwaona mlangoni watu ninaokunywa nao chai kila siku, na nikajua kwamba nikifungua mdomo, kesho chai hiyo itakuwa na ladha nyingine. Nilitafuta namna ya kusema bila kusema. Sikuipata, na mfugaji alikuwa bado amesimama.

"Mimi," nilisema. "Faili la kwanza humu ni langu. Mimi ni mteja wa kliniki hii kama ninyi."

Mlangoni mtu alikohoa. Mama wa Zuzu aligeuka akanitazama, kisha akaweka mkoba wake chini, kando ya miguu. Mganga mfawidhi alivua miwani akaanza kuipangusa na shati, na sikumwona akimaliza.

Mfugaji alipita katikati ya mabenchi mpaka mezani. Akaniambia nimwonyeshe. Nikafungua faili. Akafuata mistari kwa kidole, karibu kabisa na kioo, akisoma namba moja moja kwa sauti ya chini.

"Jina liko wapi?"

"Halimo. Liko kwenye karatasi, kabatini kwa nesi."

"Kwa hiyo Mchina akiiba hii, hakujui."

"Hanijui."

Akasoma tena mstari wa kwanza, kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyemwona mwenzake akibeba mzigo usio wa lazima.

"Basi ungeweza kunyamaza, dada. Ungetuonyesha namba tu. Tusingekujua na sisi."

"Ningenyamaza, ungeamini?"

Alifikiri, na alifikiri kweli, huku watu wote wakimsubiri.

"Hapana," alisema.

Akainama, akaingiza mkono kwenye soksi, akatoa kadi yake ya kliniki iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mbele ya ukumbi mzima na kuiweka mezani. Nikavuta kiti, nikaanza kuandika namba yake.