Mama Gordon na Maneno ya Siri

Udadisi wa Asenath Apondi haukuwa siri pale mtaani Mbotela, Nairobi. Mgeni akishuka kwa jirani na sanduku lake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua ametoka Busia au Mwingi, na kama amekuja harusini au hospitalini. Hakuwa mmbea, hilo tuliweke wazi mapema, maana watu wa mtaa hupenda kuyachanganya hayo mawili. Mmbea hutaka kusema. Asenath alitaka kujua tu, na akishajua hutulia kama maji mtungini.

Kazi yake ilimfaa kweli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa opereta wa simu katika kampuni moja ya bima mjini, mbele yake ubao wa matundu na nyaya. Alizijua sauti za wakubwa wote, na za wanawake waliowapigia wakubwa hao mchana. Hakuna aliyewahi kusikia neno kutoka kwake. Kisha mwanzoni mwa 1997 wakaambiwa kuna mtambo mpya unakuja, utakaounganisha simu wenyewe, na ubao ule utang'olewa Desemba. Mkubwa wa wafanyakazi alimwita akamweleza bila kuzunguka: kampuni imetia habari za wateja wote ndani ya kompyuta na haina mtu wa kuzilinda. Akileta cheti cha ulinzi wa kompyuta kabla mwaka haujaisha, atahamia chumba cha mashine. Asipoleta, ataagwa na wenzake kwa soda na keki.

Miaka arobaini na miwili, masomo ya kidato cha pili, watoto wanne. Mumewe Nahashon, fundi wa mabehewa kule reli, alicheka hadi akaweka kikombe chini. Akamuuliza kama hao watu watampatia rungu na koti, ama watampatia mbwa kabisa. Asenath naye akacheka. Hakuelewa kompyuta huibiwa vipi ikiwa bado iko mezani. Swali hilo ndilo lililomtoa nyumbani, kuliko hata hofu ya Desemba.

Chuo chenyewe kilikuwa Buruburu, vyumba viwili juu ya duka la rangi. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kwa miguu akifuata Jogoo Road, viatu vya kuingilia darasani vikiwa mkobani. Wanafunzi walikuwa kumi na watano, watu wazima wote, na kompyuta nane, kwa hiyo walikaa wawili wawili. Nyaya za kompyuta hizo zilikwenda hadi kwenye mashine kubwa pembeni, na humo ndimo faili za kila mtu zilimohifadhiwa. Ukitaka yako, unaandika jina lako, kisha neno lako la siri. Mwalimu wao, Muthama, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mpole, aliwaambia wachague neno wasiloweza kulisahau na wasiliandike popote. Wakafanya hivyo.

Hatua ya kwanza ilikuwa miezi minne. Ya pili, ile ya ulinzi hasa, iliyotoa cheti, ilikuwa na nafasi nne tu, na mtihani ndio ungeamua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Asenath aliinama. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza kigumu. Alikisoma na kamusi ya bintiye pajani. Kwa kuwa nyumbani hakukuwa na kompyuta, alichora vitufe vyote juu ya kadibodi ya katoni ya sabuni, akawa anapiga chapa mezani huku ugali ukiiva. Umeme ulipokatika darasani, na ulikatika sana, wenzake walitoka kuota jua. Yeye alibaki akimuuliza Muthama maswali mpaka mwalimu akatamani taa zirudi.

Aliyekaa naye kwenye mashine moja alikuwa Kalekye, mke wa mchonga vinyago kutoka Kariobangi. Walikuwa wamezoeana kama chanda na pete. Wakigawana chapati, Kalekye alimwachia Asenath kipande kikubwa, akidai kwamba maswali yanatia njaa.

Jumamosi moja mwezi wa Juni, wiki moja kabla ya mtihani, Kalekye hakuja. Alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Siku hiyo mzee Nabiswa, karani wa baraza la jiji, alisahau neno lake la siri, akawa anahangaika na kujilaumu mbele ya watu. Jirani yake akamwambia ajaribu jina la kifungua mimba wake. Likafungua. Darasa likacheka, likaendelea na kazi. Asenath hakuendelea. Lake mwenyewe lilikuwa *gordon*, jina la mwanawe wa kwanza.

Saa ya chai wote waliteremka kwenye kibanda cha chini. Yeye akabaki. Kwanza alitaka kujaribu moja tu. Akaandika jina la Makau, dereva wa lori, kisha akaandika *nzivo*, kwa maana nani asiyemjua Baba Nzivo? Faili zikafunguka. Akajaribu la Jacklyne, mwanafunzi mwingine, na la aliyemfuata. Mtaani mwao mtu akishazaa haitwi tena jina lake. Huitwa Mama fulani na Baba fulani, sokoni, kanisani, hata dirishani kwa sauti. Hawa watu wazima wenye akili zao walikuwa wamechagua siri inayotangazwa kutwa nzima! Hatimaye alikuwa ameelewa kompyuta huibiwa vipi ikiwa mezani.

Kati ya wenzake kumi na wanne, kumi na wawili walifunguka. La Kalekye lilikuwa *mwelu*. Ndani yake palikuwa na barua ndefu ambayo Kalekye alikuwa akijizoeza kupiga chapa. Asenath aliisoma yote, mpaka nukta ya mwisho, kisha akatamani hangeijua.

Na hapo angekoma, lakini mwenye kibanda alisikika akiita kutoka chini kwamba chai ya Baba Wavinya inapoa. Baba Wavinya ni Muthama. Asenath akaandika *wavinya*, na faili za mwalimu zikafunguka, mtihani wa wiki ijayo ukiwa juu kabisa ya orodha. Alisoma jina lake tu, hakuufungua. Akafunga mashine, akateremka, na chai yake ikamshinda.

Nahashon aliposimuliwa hakuona tatizo. Hakuuangalia mtihani, basi kosa liko wapi? Akae kimya, afanye, apite, ahifadhi kazi yake. Alisema kweli, na kimya ndicho kitu Asenath alichokiweza zaidi duniani. Lakini wiki nzima, kila alipopokea simu kazini, aliwaza vile habari za wateja wa bima nazo huenda zimefungwa kwa majina ya watoto wa makarani. Atalinda nini mtu aliyeona mlango wazi akapita bila kusema?

Jumamosi ya mtihani alifika wa kwanza, akamweleza Muthama yote. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama. Kisha akamwomba ageuke atazame ukutani, akabadilisha neno lake la siri hapo hapo.

"Mtihani huu nautupa," akasema. "Nitatunga mwingine. Lakini Mama Gordon, anayefungua faili ya mwenzake hapa hufukuzwa, na sheria hiyo niliiandika mimi."

"Najua, Mwalimu. Niliisoma kabla sijajiandikisha."

Muthama akavuta kiti, akakaa. Akasema kwamba si yeye aliyekosewa peke yake, kwa hiyo hataamua peke yake. Asimame mbele ya wenzake, awaambie. Wakitaka abaki, atabaki. Wakikataa, waagane.

Akasimama. Alianza vizuri, akaeleza habari ya majina, na mmoja wawili wakacheka kwa aibu. Aliposema kwamba alijaribu ya kila mtu, kicheko kikaisha. Makau akamwambia kwamba huo ni wizi, na Asenath akakubali kuwa ni wizi. Wengine wakasema asamehewe kwani ndiye aliyejileta. Nabiswa, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, akainua mkono wakanyamaza.

"Mimi nitafuata atakavyosema Mama Mwelu," akasema. "Yeye ndiye amekaa naye mashine moja."

Wote wakakubaliana na mzee. Kalekye alikuwa ameinamisha uso tangu mwanzo.

"Yangu pia ulifungua?"

"Nilifungua."

"Ukaisoma ile barua?"

Faili za wengi wa wale kumi na wawili alikuwa amezifungua tu akazifunga. Angeweza kusema hivyo juu ya huyu pia, na hakuna mashine ambayo ingempinga. Desemba ilimjia machoni.

"Niliisoma yote, Mama Mwelu. Nisamehe."

Kalekye aliitazama kompyuta yao kana kwamba nayo ilihusika. Alipoinua kichwa macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Basi sasa tuko wawili tunaoijua," akasema. "Kaa hapa uilinde."

Akasogea upande ili mwenzake apate nafasi. Asenath akaenda akakaa.

Mtihani mpya ulifanywa wiki iliyofuata, akawa wa tatu, akapata nafasi na baadaye cheti. Desemba ubao wa simu ulipong'olewa, yeye alikuwa ameshahamia chumba cha mashine, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupita meza kwa meza akiwaomba makarani wasahau watoto wao. Nahashon alimuuliza mara nyingi ile barua ilikuwa ya nini. Hata mimi jirani yake nimemuuliza. Hunimiminia chai tu, akaniuliza habari za nyumbani.