Swala Aliyepigiwa Simu

Mimi ni mwindaji, na picha iko. Nimesimama kwenye majani na swala mabegani, miguu yake nimeishika kifuani, na nimekunja uso kama mtu aliyelala porini wiki nzima. Tantine zangu, yaani mashangazi wa Kolwezi, waliipigia picha hiyo makofi hadi simu zao zikazima.

Aliyeipiga ni Baba mudogo, mdogo wake baba yangu. Kwetu mtaani Kamalondo ndiye mwindaji wa familia. Ana buti, ana koti la kijani, na ana kofia ambayo haivui hata kanisani mpaka mama amkanyage mguu. Kila sikukuu alitokea na nyama ya pori iliyokaushwa hadi ikawa nyeusi tii, akatusimulia jinsi mnyama alivyoanguka. Mimi nilizishika hadithi hizo kwa moyo. Darasani tulipoombwa kuzungumza juu ya kazi ya mtu wa nyumbani, wenzangu walileta mafundi cherehani na madereva. Mimi nilimleta Baba mudogo. Nilipanda juu ya meza nikaigiza swala akifa, mwalimu akacheka, akanipa pointi nyingi kuliko zote. Tangu siku hiyo shuleni naitwa Mwindaji, nusu sifa, nusu kunichokoza.

Lakini jina lenyewe, lile la kweli, hutolewa na Kambo, babu yetu, baba yake Baba mudogo. Kambo alifanya kazi ya reli hadi uzee, na kila likizo alipanda treni akaenda kuwinda na baba yake. Sasa macho yake yameingia ukungu, anaona kivuli tu. Alinieleza walivyofanya. Waliondoka wanaume kumi na mbwa wao. Mbwa hao hawakubweka, kwa hiyo waliwafunga kengele za mti shingoni ili wasikike kwenye majani. Siku mbili kabla hawakugusa sabuni, mnyama asije akawanusa. Aliyepiga wa kwanza alikuwa na kipande chake, wa pili chake, mwenye mbwa chake. Na kijana aliyeua kwa mara ya kwanza hakuonja kitu. Nyama yote ililiwa na wengine mbele yake, halafu wazee wakampa jina la kiwindaji.

Nilimuuliza, "Hata muchuzi, Kambo?"

"Hata muchuzi."

"Na kulamba kidole?"

"Weye utakufa na njaa mbele ya kupata jina," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Nililitaka jina hilo. Nacheka na kila kitu, hata na padri, lakini hilo nililitaka kweli. Baba mudogo alijua. Akaniahidi safari ya likizo: "Ukipita mutihani, konje ya Pasaka tunaenda wote wawili."

Nilipita. Siku mbili sikugusa sabuni, mama akanipelekea sahani yangu nje kama mgonjwa. Asubuhi tukapanda pikipiki ya Baba mudogo, tukapita soko la mtaa wa Kenya, tukapita uwanja wa ndege wa Luano, ndege ikapanda juu ya vichwa vyetu, halafu lami ikaisha. Nilingoja msitu uanze. Nilichoona ni visiki, na matuta ya makala, makaa ya kupikia, yakitoa moshi huku na huku, na magunia yamepangwa kando ya njia. Tulikwenda hivyo mpaka matako yangu yakafa ganzi. Mwishowe Baba mudogo alisimamisha pikipiki penye miti mitatu minne, akatandika koti lake, akalala.

"Baba mudogo, bunduki iko wapi, fasi gani?"

"Bunduki inaomba makaratasi. Tulia."

"Sasa tunawinda na nini?"

Akanyanyua simu. "Na hii."

Nilidhani anatania, na mimi napenda utani, basi nikacheka. Akampigia mtu fulani. "Papa, umefika wapi? … Hapana, usikaushe. Muzima, na ngozi yake. Ni ya mutoto, ya kwanza … Ndiyo, tuko hapahapa."

Jua lilipokuwa kali mtu alifika na pikipiki, gunia limefungwa nyuma. Akatoa swala mdogo, amekwisha kupoa. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umekatwa na waya wa mtego hadi mfupa ukaonekana. Akamsalimia Baba mudogo kama mtu anavyomsalimia mteja wake wa siku zote, akauliza kama Noeli atataka tena ile iliyokaushwa.

Hapo ndipo hadithi zote zilianguka, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyoanguka vizuri kama wale wanyama wake.

"Kwa hiyo we haujaua hata panya," nikamwambia.

"Nyama haiko tena huku! Batu balimaliza miti, nyama ikatoroka. Unataka niende kuwinda makala?" Akaniwekea swala mabegani. "Kambo amezeeka. Unataka akufe bila kukupa jina? Fanya furaha ya muzee. Haya, kunja uso."

Nikakunja. Haikuwa kazi ngumu.

Tulipofika, picha ilikuwa imetutangulia kwenye simu za familia nzima, na wanawake wakatupigia vigelegele mlangoni mwa lupango, ua wetu. Kambo aliketi uani akingoja. Nilimlaza swala miguuni pake. Akampapasa taratibu: sikio, pembe, shingo, mbavu. Vidole vikashuka mguuni, vikakuta jeraha la waya, vikakaa hapo.

"Ulimupiga fasi gani?"

"Hapa," nikasema, nikaupeleka mkono wake ubavuni, ambako ngozi ilikuwa nzima.

"Alipiga muzuri sana, papa!" Baba mudogo akadakia.

"Sikuuliza weye." Kambo akanigeukia. "Ni weye uliua?"

Mimi ambaye sijawahi kukosa jibu, siku hiyo pia sikukosa. "Ndiyo, Kambo."

Walipika. Bukari, ugali wetu, ikaletwa, na watu wote wakangoja jina. Kambo aliomba ini, akakata kipande, akautafuta mkono wangu akakiweka ndani.

"Kula, mutoto."

Tantine mmoja akashtuka. "Eh, papa! Si iko ya kwanza yake? Haruhusiwi!"

"Nasema akule."

Wakatazamana, wakanong'ona kwamba mzee anaanza kusahau. Baba mudogo alitazama buti zake. Nikala mbele yao wote, na kibaya zaidi ini lilikuwa tamu. Jina halikutajwa.

Kesho yake pongezi zilikuwa bado zinaingia kwenye simu. Nikaandika humo, wote wasome: "Sikuua. Ililetwa na mutu wa pikipiki. Na zile za Noeli pia." Haikupita dakika moja, Baba mudogo akanitoa kwenye kundi la familia. Halafu akapita mbele yangu uani bila kunisalimia, eti mimi ndiye niliyemsaliti yeye!

Nilikwenda kuketi na Kambo. Nilitegemea anigombeze, hakunigombeza. Aliuliza kama nimekula.

"Ule mutoto wangu, baba yako mudogo, ananiambia kila mwaka pori iko vile niliiacha," akasema. "Weye ulifika. Macho yako iko muzima. Niambie."

Nilikuwa na mzaha tayari, ule wa kuwinda makala. Nikaumeza.

"Mukipita Luano," nikaanza, "kuko visiki, Kambo."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka tulisimama."

Akaomba nimtajie nilichokiona kimoja kimoja, tangu mwanzo wa njia. Nikamtajia.