Jasusi wa Chumba cha Kati

Itangazwe kwa walio karibu na walio mbali, kwa wenye masikio na kwa wale walioyaziba makusudi: Mama Angustias Robledo, mjane wa ghorofa ya nne, Granada, mlezi wa wanafunzi wa Kimarekani kwa miaka kumi na minane, mpishi wa dengu zisizo na mfano, amethibitisha pasi na shaka kwamba anaishi na jasusi.

Jasusi mwenyewe anaitwa Kellen. Ana miaka ishirini, katokea Minnesota, mrefu kama mlingoti wa bendera, na ana adabu za kutisha. Akimaliza kula anashukuru mara tatu, anaosha sahani yake, anaingia chumbani, anafunga mlango.

Anafunga mlango, tena mchana kweupe! Katika nyumba ile mlango wa chumba hufungwa mtu akivaa au akifa. Waliomtangulia walifunga pia, lakini wao angalau walikuwa na mpenzi wa kuficha, au chupa. Huyu hana hata kimoja. Ndipo shaka ilipoota mizizi.

"Shoga, mwenzio nina jambo," alimwambia jirani yake Puri, kila mmoja akianika nguo kwenye dirisha lake.

"Kaingiza msichana?"

"Ningemshukuru Mungu! Anaongea na simu. Kiingereza kitupu, halafu katikati nasikia jina langu. Angustias hivi, Angustias vile, wanacheka."

"Akina nani?"

"Sijui, ila ni wengi."

Puri akauma kibanio cha nguo, dalili kwamba habari imemkaa. "Ndivyo ilivyoanza kwa Sole wa ghorofa ya pili. Mwanafunzi wake naye alikuwa na adabu hivyo hivyo, kumbe anawatangazia wenzake kwamba nyumba ina baridi. Ofisi inayotuletea wanafunzi ikamhamisha. Sole hajaletewa mwingine mpaka leo. Anakula na televisheni."

Kula na televisheni. Hilo ndilo lililomkosesha Mama Angustias raha. Wanawe wako Barcelona, na humpigia simu kama watu wanaotumikia kifungo. Wanafunzi hawa, pamoja na upuuzi wao, walimjazia kiti cha pili mezani. Hata wale waliokuja kumweleza kwamba wamefika Ulaya kujitafuta. "Kujitafuta!" hucheka na Puri. "Chumba kile nakifagia kila siku, sijawahi kumkuta mtu chini ya kitanda."

Basi akaanza upelelezi. Akapiga deki mbele ya mlango asubuhi, akapiga tena mchana, vigae vikaanza kumwonyesha sura yake. Alhamisi moja ya Desemba, theluji imeuvisha mlima wa juu ya mji kilemba, alikuwa hapo na ndoo aliposikia tena: Angustias, Angustias, kicheko. Akabeba sahani ya machungwa kama kisingizio, akaingia bila hodi.

Kellen alikuwa kitandani, kavaa koti, kofia na glavu, blanketi mabegani, pua imeiva kama nyanya. Mbele yake simu imeegemezwa kwenye kikombe, na ndani ya simu nyuso sita za vijana zimekodoa macho.

"Nimekukamata," alisema Mama Angustias. "Haya, sema. Unawaambia nini juu yangu?"

"Mama, hawa ni wa chuo chetu. Wanakuja Januari. Wameniomba ushauri."

"Kwamba kwangu kuna baridi?"

"Hapana! Nimewaambia unapika vizuri sana." Akajikunyata kwenye blanketi. "Na kwamba mama anapenda utulivu wake. Kwa hiyo wafunge mlango, wasimsumbue, na baridi ikizidi wavae koti."

"Nani kakuambia mimi napenda utulivu?"

"Kwetu mtu akikaa peke yake anaachwa. Ndiyo heshima. Halafu kila nikitaka kutoka nakuta mama umesimama na ndoo. Nikajua unanilinda nisiibe kitu."

Mama Angustias aliweka chini sahani ya machungwa. Miaka kumi na minane hakuwahi kushukiwa kwamba anashuku. Alimshika jasusi mkono wa koti, akamwinua yeye na blanketi lake na simu yake, mpaka sebuleni kwenye meza ya duara. Akainua kitambaa kizito kinachogusa sakafu, akamsukumia miguu ndani, kwenye hita iliyowashwa chini. Joto lote la nyumba ile hukaa hapo. Vyumba vingine ni mali ya majira ya baridi.

Kellen alifumba macho. "Hita hii nilidhani ni ya magoti yako, mama. Nikila huwa naweka miguu nje."

"Tangu baridi ianze? Yesu! Huko chuoni mnafundishwa nini?"

Ndani ya simu msichana mmoja akauliza kitu. Kellen akatafsiri: "Anauliza wafuate ushauri gani sasa."

"Waje kwanza. Mtu hashauriwi kabla hajala."

Juma lililofuata Remedios wa ile ofisi akapiga simu, sauti imejaa asali. Mama Angustias akanusa mtego, akakaa wima.

"Mama Angustias, Kellen ameomba abaki kwako mpaka Juni. Anasema umeyabadilisha maisha yake, kwamba kwako amejipata! Tungependa kuwasomea wageni wa Januari maneno yako. Wewe kijana huyu umemjuaje, kwa undani kabisa?"

"Umesema mpaka Juni?"

"Mpaka Juni."

Mama Angustias akashusha pumzi.

"Anakoroma," akasema. "Tangu aache mlango wazi, namsikia."