Mapigo Matatu Kwenye Mwamba

Ignas Mageni alilipwa kusikiliza. Katika machimbo madogo ya upande wa Bulyanhulu, maduara mawili, yaani mashimo ya wachimbaji, yakifuata mwamba mmoja wa dhahabu chini kwa chini, linalotoboa kwanza ndilo linalochukua mwamba. Kwa hiyo kila siku saa nne asubuhi wenzake sita walizima mashine na kurudi nyuma, naye akabaki peke yake mita sitini chini ya ardhi, shavu kwenye jiwe, akilisikiliza duara la jirani.

Miaka mitatu ya kazi hiyo ilimzoesha ukimya hata juu. Kwa Mbuke, mama lishe wa machimboni, alikula benchi la pembeni. Watu walisema ana maringo.

Ng'ambo ya jiwe alikuwa Wiliam. Walichimba pamoja miaka tisa, wakagombana, na tangu hapo hawajasalimiana. Ignas aliijua nyundo yake: mapigo mawili, pumzi, pigo moja. Siku nyingine aliona kwamba hamfahamu mtu yeyote kuliko anavyomfahamu huyo asiyemwona.

Jumanne hiyo nyundo ilikuwa umbali wa mita moja tu. Alihesabu matundu ya baruti yakitobolewa, moja baada ya jingine. La sita lilipokwisha, kimya.

"Wameenda kula," alisema Abel, mwenye duara, aliyekuwa ameshuka mwenyewe. "Bhebhe, wewe Ignas, hii ndiyo nafasi yetu. Jazeni baruti."

"Sisi kujaza ni nusu saa. Wao wanajaza sasa hivi."

"Umewaona?"

"Wiliam haachi kazi akale. Hata harusini kwake alichelewa."

Pantaleo, mtoboaji, alicheka. Abel alipomgeukia, akainamia mashine yake.

Ignas alipiga hesabu. Ngazi ilibeba watu wawili kwa zamu. Wote kutoka ni dakika kumi na tano. Wiliam, aliyekwisha kuanza kujaza, asingechukua hata kumi kulipua, na mlipuko ungewakuta chini. Akigonga, Wiliam atajua kuna watu na atangoja. Atajua pia kwamba wamekaribia hivyo, na kwamba wanaondoka.

Aliokota nyundo akagonga mwamba mara tatu, ishara ya wachimbaji ya kuomba kungojwa.

"Unafanya nini? Unawaonyesha tulipo!" Abel alimaka.

Kutoka ng'ambo likaja pigo moja.

"Amesikia," Ignas alisema. "Atatungoja. Pandeni."

"Anayepanda ajue ameuacha mwamba!" Abel alifoka. Hata hivyo, wa pili kuishika ngazi alikuwa yeye.

Walikuwa juu wote wanane ardhi ilipotikisika. Vumbi lilitoka kwenye mdomo wa duara lao, na muda si mrefu vigelegele vikapanda upande wa jirani. Walikuwa wametoboa.

"Umempa rafiki yako mwamba wangu," Abel alimwambia mbele ya watu. "Chukua begi lako. Nyie wengine twendeni kwenye duara langu jingine, kuna kazi."

Wale sita walimfuata. Hakuna aliyegeuka. Ignas alikuwa anafunga begi Pantaleo aliporudi hatua chache, akajifanya anatafuta kofia yake. Walizaliwa mwaka mmoja, wawili hawa, na siku zote walisalimiana kwa utani.

"Shikamoo, Ignas," alisema kwa sauti ya chini, akiangalia ardhi.

Akaondoka kabla ya kujibiwa. Ignas alibaki amesimama na begi mkononi mpaka migongo yao ikapotea nyuma ya vifusi.