Siku Ambayo Gaudiosa Hakusalimia

Gaudiosa binti Karugendo, ambaye Bwana alimwita mwaka huu wiki moja baada ya Pasaka, alizaliwa Nyanga na kuolewa Kishanda, na sehemu zote mbili alijulikana kwa salamu zake. Hakuna aliyempita njiani kwa neno moja. Atakuuliza umeamkaje, mama ameamkaje, ng'ombe ameamkaje, na kama migomba yako imepona mnyauko, ndipo umsikie akisema alilotaka. Ndivyo alivyolelewa: anayetanguliza shida yake kabla ya salamu ni sawa na mtu anayeingia nyumbani kupitia dirishani.

Alikuwa mhudumu wa zahanati kwa miaka ishirini na miwili. Alifagia, alichemsha vifaa, aliwashika mikono wanaojifungua. Redio za upepo zilipoletwa kwa majaribio kwenye zahanati za mbali ili ziite hospitali ya Muleba, yeye na muuguzi Joviana waliitwa Bukoba kufundishwa.

Fundi Omary aliwaeleza kwamba njia za hewani ni chache na watumiaji ni wengi. Ukibonyeza kitufe cha ubavuni, mtambo wenyewe unakutafutia njia iliyo wazi. Ukiipata, redio inalia tii-tii-tii, ndipo useme. Njia zikijaa zote, inatoa mlio mzito, nawe unawekwa kwenye foleni.

"Hapo usibonyeze tena na tena," alisema. "Tulia. Zamu yako ikifika, itakuita yenyewe. Na ukizungumza zaidi ya dakika moja bila kuachia, inakukata."

Gaudiosa akapewa ajaribu. Akabonyeza, akaanza: "Tumsifu Yesu Kristo! Hamjambo huko Muleba? Watoto hawajambo? Mvua huko mmeipata?" Akaendelea hivyo hivyo mpaka redio ikalia vuuu, ikanyamaza.

"Mama," Omary akasema, "umesalimia ukoo mzima, na ugonjwa wenyewe hatujausikia."

Darasa likaangua kicheko. Joviana alicheka mpaka akafuta machozi.

"Sasa nimwamrishe mtu mzima kama ninayefukuza mbuzi?" Gaudiosa akajibu. "Tena anayepokea pale Muleba ni Ta Rutashobya, kaka yake marehemu mume wangu. Huyo namsalimia nimepiga magoti!"

"Piga magoti, mama, lakini achia kitufe."

Kisha akawaonyesha kitufe kidogo cha rangi ya chungwa kando ya antena. Hicho ni cha dharura. Ukikishikilia unapewa njia kabla ya wote, na kwa muda mfupi redio inapeleka sauti bila hata kubonyeza. "Hiki ni cha roho ya mtu," Omary alisema. Gaudiosa akakiogopa. Miezi mitano redio ilining'inia shingoni mwake, na kidole chake kilikikwepa kile kitufe kama kaa la moto.

Ikafika Jumanne ya chanjo, saa nane mchana. Lilian, mke wa Aroni, alikuwa kwenye kitanda cha kujifungulia tangu asubuhi. Mtoto hatoki, na sasa damu ilianza kutoka.

"Huyu lazima apasuliwe Muleba," Joviana akasema, uso umembadilika. "Gari, Ma Gaudiosa! Sasa hivi!"

Mtandao wa simu ulikuwa umekatika na mvua ya alfajiri. Zahanati iko bondeni, na redio nayo ilitoa mlio mwingine, wa kwamba haiupati mtambo. Basi Gaudiosa, mwenye miaka hamsini na tisa, akakimbia. Aliacha ndala kwenye tope, akapanda njia ya kahawa mpaka kileleni, akabonyeza. Mlio mzito.

Foleni. Zahanati zote zilikuwa zikitoa hesabu ya watoto waliochanjwa, na alijua vizuri kila mmoja anaanza na salamu ngapi. Akabonyeza tena. Mlio uleule. Kutoka bondeni akamsikia mama yake Lilian akilia.

"Mungu wangu, nipe ujasiri," akasema, akakishikilia kitufe cha rangi ya chungwa.

Huko Muleba kengele ililia, kisha ikasikika pumzi ya mtu aliyechoka.

"Kishanda? Shemeji, ni wewe? Tumsifu Yesu Kristo. Habari za—"

Mdomo wa Gaudiosa ulishafunguka kuitikia. Akaumeza mwitikio wake. Akabonyeza, akangoja tii-tii-tii.

"Ta Rutashobya, nyamaza unisikilize! Mama anajifungua, anavuja damu nyingi, mtoto hatoki. Tuma gari. Daktari wa upasuaji ajiandae." Akaachia.

Amemwambia kaka wa mumewe anyamaze, wilaya nzima ikisikia!

"Nimepokea," Rutashobya akasema. "Byarugaba, uko karibu, geuza gari uende Kishanda. Wengine wote mkae kimya. Njia ni ya Ma Gaudiosa."

Wakanyamaza wote. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Gaudiosa alisimama kileleni, akiitazama barabara yote chini yake.

"Ta Byarugaba, usipite darajani, maji yamejaa. Zunguka kanisani."

"Kanisani, nimekusikia."

Dakika ishirini na tano baadaye Lilian alikuwa ndani ya gari, Joviana ubavuni mwake. Gaudiosa hakushuka, maana ni kule juu tu ndiko redio ilikosikia. Alisali rozari nzima, akaanza ya pili.

Saa kumi na moja kasorobo redio ikaita. "Kishanda, mama yuko hai. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Analia mpaka huku redioni tunamsikia!"

Gaudiosa hakubonyeza chochote. Alilielekea bonde, akapiga kigelegele. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa wakakipokea bila kuuliza, kikavuka mashamba, kikashuka mpaka zahanati. Mama yake Lilian akatoka mbio, khanga moja begani nyingine mkononi, akicheza kwenye tope kama bibi harusi.