Marehemu Aliyekaa Mstari wa Mbele

Washairi wa Same, eti washairi! Mwanaasha alikaa nyuma kabisa ya ukumbi, kanga imemziba mdomo wasimwone anavyoubenua. Ilikuwa Jumamosi jioni, mwaka wa hamsini na nne, na mabwana wa suruali za kaki walikuwa wakipanda jukwaani kusoma mashairi mapya. Kusoma! Shairi huimbwa. Hawa walisoma kama tangazo la kodi, wakapigiana makofi wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu Zebedayo wa Shighatini, mwenyekiti wao, alifungua kwa beti kumi na mbili za kuisifu kahawa. Mwanaasha alihesabu mizani kwa vidole. Saba, tisa, saba, kumi. Kahawa yenyewe ingeona haya.

Yeye alikuwa mjane, muuza vitumbua. Hamisi wake alifia Makanya, na siku zote za eda alikuwa akimtungia shairi kichwani. Herufi za Kizungu hakuzijua. Eda ilipokwisha alimwimbia jirani yake, Karani Eliufoo, ubeti kwa ubeti, naye akaandika, akaapa kulipeleka gazetini kwa jina la Mwanaasha. Miezi minne sasa. Kila akiulizwa: "Subira, mama." Jioni hii mwandishi wa gazeti amekuja mwenyewe, kuchagua shairi moja la kuchapwa, na Mwanaasha alitaka kuona lake litasomwa au la.

Lilisomwa. Eliufoo alipanda jukwaani, akakohoa, akafungua karatasi, na kwa mstari wa kwanza tu Mwanaasha alilitambua. Yote yake! Ila neno moja: aliposema mume, karani kaweka mke. Mizani haikuvunjika, na hapo ndipo akili yake yote ilipoishia, maana Honorata, mkewe, alikuwa amekaa mstari wa mbele na gauni jipya, mzima kabisa. Kufika pale mke anapofukiwa Makanya, Honorata akasimama.

"Baba Lydia, mimi umenizika lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Eliufoo akakimbiza beti zilizobaki, akakunja karatasi, jasho linamtiririka.

"Kaditama!" wazee wa bondeni wakapiga kelele. "Kaditama iko wapi?"

Wao wamekulia kwenye tungo. Shairi hufungwa kwa ubeti wa mwisho, na humo mtunzi hujitaja. Karani huyu, aliyelelewa mlimani kwa nyimbo za kanisani, aliukata akidhani hakuna atakayeuulizia.

"Limekwisha," akasema.

"Halijaisha!"

Mwanaasha akasimama. Hakusoma; aliimba.

*Kaditama naishia, kalamu sikuishika,*
*Hamisi namlilia, Mwanaasha natamka.*

Makofi yakalia, yale yale waliyoipigia kahawa, na Mwanaasha akawadharau zaidi. Eliufoo akamjia mbio. "Mama, nilitaka tu kukusaidia, maana mwanamke jukwaani..."

"Nyamaza, mwizi mkubwa wee!"

Mwandishi wa gazeti alikuja na daftari. "Hili ndilo tutakalolichapa. Niandike jina gani, mama?"

"Mwanaasha, mjane wa Hamisi."

Akaandika, akataka kulifunga daftari. Mwanaasha akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Nisomee."

"Mama, nimeandika."

"Na yule naye aliandika. Nisomee."

Akasoma. Mwanaasha akamwita Honorata, akamwonyesha ukurasa ule ule. "Sasa nisomee wewe."